Waya Usio na Lebo

Jumatatu, Machi 4

Daktari wa presha aliniambia niwe na daftari, niandike nimelala masaa mangapi na nimekula nini. Nimefanya hivyo wiki mbili. Matooke, masaa matano. Ugali, masaa manne. Nimechoka kusoma maisha yangu yakiwa hivyo. Kuanzia leo nitaandika ya kazini, maana presha yangu haitoki kwenye matooke.

Mimi ndiye msimamizi wa mtandao katika hospitali hii ya ghorofa nne hapa Kabalagala, iliyobanwa kati ya baa mbili. Kompyuta themanini na mbili, seva mbili, nyaya zisizo na idadi. Watu wa kuzitunza ni wawili: mimi na Mzee Ochan.

Mwezi jana tuliletewa kifaa cha ulinzi, ukuta wa moto. Ni sanduku jeupe, bapa, linakaa pale waya wa intaneti unapoingia jengoni, na kila kitu kinachoingia au kutoka kinakaguliwa hapo kama gari getini. Daktari Lawrence, mkurugenzi wetu, analipenda kuliko mashine ya eksirei. Wageni wakija anawapandisha hadi chumba cha seva wakalione. Halina cha kuonyesha ila taa nne za kijani.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho baba alichotuletea nyumbani kutoka kambi ya polisi, na kwa sababu hapa kazini hakuna atakayejisumbua kukisoma.

Alhamisi, Machi 7

Mvua ya kwanza ya nguvu. Wodi ya wazazi, ghorofa ya tatu, ikapoteza mtandao. Nesi Filda, msimamizi wa wodi, akanipigia: majibu ya maabara hayafiki, inabidi mtu ashuke ngazi kuyafuata kwa miguu. Nikamwambia kesho.

Ijumaa, Machi 8

Sikukuu ya wanawake. Nimelala.

Jumatano, Machi 13

Mfungo umeanza. Filda amepiga tena. Ana sauti ya mtu anayehesabu makosa yako huku anakusalimu. Nikamtuma Mzee Ochan akaangalie.

Niseme habari za Mzee Ochan. Alikaa polisi miaka ishirini na sita, kitengo cha mawasiliano, akastaafu akaja kwetu. Kila waya anaoutandaza anaubandika lebo nyeupe kwenye ncha zote mbili, kwa mwandiko wa darasani: unatoka wapi, unakwenda wapi, tarehe. Waya mmoja unamla nusu siku. Ufunguo wa chumba cha seva anautembeza kwenye kamba shingoni, na mlangoni ameweka daftari la kusaini. Hata mimi, mkubwa wake, nasaini. Siku nikisahau ananifuata kwenye korido na kalamu. Mtu aliyefunga hana nguvu ya kufuatwa na kalamu.

Alirudi jioni akasema waya unaotoka kabati la mtandao la ghorofa ya tatu kwenda wodini unapita ukutani kwa nje, upande wa mfereji wa maji, ganda limechanika, mvua ikinyesha maji yanaingia ndani. Anataka waya mpya, ndani ya bomba, mita sitini. Nikasema tutaona.

Jumanne, Machi 19

Mvua. Ghorofa ya tatu hakuna mtandao. Kesho.

Ijumaa, Machi 22

Mvua. Mzee Ochan kaniuliza habari za bomba. Nimemjibu vibaya. Alisema tu, "Sawa, Madamu," akaenda kufagia chumba cha seva ambacho alikuwa amekifagia asubuhi.

Jumanne, Machi 26

Filda hapigi tena. Imenyesha siku mbili mfululizo na simu yangu imekaa kimya. Nadhani waya umekauka wenyewe. Alhamdulillah.

Jumatano, Aprili 10

Idi. Nyumbani kwa mama, kule Kibuli, gurusa, mkate wetu mwembamba, na mchuzi wa nyama, wajukuu wake wote ndani. Nikasinzia sahani ikiwa mapajani. Mama aliitoa mapajani mwangu taratibu, akawafukuza watoto uani. Nilisikia akimwambia dada yangu kwa Kinubi kwamba kazi ile itanimaliza. Sikufumbua macho.

Jumanne, Aprili 16

Mtandao mzito tangu juzi. Nimeangalia ukuta wa moto: kijani tupu, hakuna kilichogonga geti. Basi ni watu wanaangalia mpira.

Jumatatu, Aprili 22

Nitaandika yote, hata kama mkono unauma.

Saa moja na nusu asubuhi mapokezi wakanipigia. Kompyuta zao zote zilikuwa na ukurasa mmoja mweusi wenye maandishi mekundu: mafaili yenu yamefungwa, lipeni yafunguliwe. Nilipofika famasia nayo ilikuwa hivyo hivyo. Nikiwa bado nimesimama famasia, ofisi ya bima nayo ikawa nyeusi. Ilikuwa inatembea, chumba hadi chumba, mimi naitazama.

Nikakimbilia chumba cha seva. Mzee Ochan alikuwa ameshafungua. Nikamwambia tuzime umeme wa kabati lote. Akaweka mkono mbele ya swichi kubwa ya mtandao, lile sanduku ambalo nyaya zote za jengo huishia, akasema hapana, chumba cha upasuaji kuna mtu mezani na mashine yake ya kumwangalia inapita hapa hapa. Kisha akaanza kusoma lebo zake. Alisoma kwa sauti, kama anaita majina kwenye gwaride. Maabara, akang'oa. Ofisi, akang'oa. Mapokezi, famasia, bima. Dakika tatu, pengine nne. Akabakiza nyaya mbili za upasuaji. Maabara ilipona kwa sababu ndiyo aliyoanza nayo. Kama ningezima mimi, sijui yule aliyekuwa mezani angekuwaje. Kama ningetafuta mwenyewe waya upi ni wa wapi, ningekuwa bado natafuta.

Seva ya kumbukumbu za wagonjwa haikupona.

Siku nzima ikawa ya karatasi. Watu walipanga foleni hadi barabarani wakiulizwa upya majina, magonjwa, dawa. Saa tano akaletwa mama mmoja kutoka Nateete, uchungu umempata ghafla, hajiwezi kusema. Daktari wa zamu alikuwa kijana mgeni. Alishika sindano ya penisilini, Filda akamzuia mkono. Faili la yule mama lilikuwa limefungwa kama mengine, lakini Filda alikumbuka kwamba mwaka juzi, kwenye uzazi wake wa kwanza, dawa hiyo ilitaka kumuua. Alimkumbuka kwa kovu la kidevuni. Nilikuwa mlangoni na waya mkononi, nikaona.

Mtoto ni wa kike. Wazima wote.

Jumanne, Aprili 23

Nakala yangu ya akiba ni ya siku nane zilizopita. Siku nane za wagonjwa zimekwenda.

Kikao ofisini kwa Daktari Lawrence. Tulikuwa saba. Alisema hatalipa wahalifu, na hapo nilimheshimu. Kisha akasema kifaa cha ulinzi ni kipya na cha kisasa, nimemhakikishia mimi mwenyewe kwamba hakuna kilichopita pale, kwa hiyo aliyeleta balaa hili yuko ndani. Nani anaingia chumba cha seva? Ufunguo uko kwa nani?

Watu wote wakamtazama Mzee Ochan, aliyekuwa amesimama karibu na mlango kwa sababu viti vilikuwa havitoshi.

Mkurugenzi akamwambia avue ufunguo, auweke mezani, aende nyumbani mpaka aitwe. Askari wa geti akaitwa amsindikize. Mzee Ochan aliuvua. Kamba ilinasa sikioni, ikachukua muda. Hakujitetea. Alinitazama mimi.

Mimi nilikuwa najua kwamba mtu huyu jana yake ameokoa maabara na upasuaji. Nilikuwa najua kwamba virusi hivi vya kompyuta havihitaji ufunguo wa mlango. Nikasema, "Tutachunguza." Neno hilo moja. Nilikuwa sijalala, nilikuwa na hofu swali linalofuata litakuwa langu. Naandika sababu hizi na ninaona hazitoshi.

Alipita katikati ya foleni ya wagonjwa akiwa na askari nyuma yake.

Alhamisi, Aprili 25

Nimelala masaa matatu. Mvua.

Jumamosi, Aprili 27

Nimechimba kumbukumbu za vifaa siku mbili. Ukuta wa moto hauna kosa. Hakuna aliyeingia kutoka nje. Lakini swichi ndogo ya ghorofa ya tatu inaonyesha kwamba tundu namba kumi na tisa, ambalo linatakiwa kuwa tupu, lina kitu kimechomekwa tangu Machi 24, na vurugu yote ilianzia pale. Nikapanda kuangalia. Pembeni ya kabati nyaya zimeshonana kama nywele. Sikuona ni upi.

Nikamfuata Mzee Ochan nyumbani kwake, Naguru. Amepanga vyumba viwili chini ya kilima, karibu na kambi ya polisi, safu moja na wastaafu wenzake. Mkewe, Mama Docus, alikuwa anafua. Hakunijibu salamu. Majirani wawili waliokuwa kwenye benchi waliacha kuongea nilipopita. Nikajua habari ya askari na foleni imefika hapa kabla yangu.

Mzee hakunikaribisha ndani, lakini alinisikiliza. Nikamweleza tundu la kumi na tisa.

"Wewe unaangalia kompyuta," alisema. "Wacha kompyuta. Zangu zote ziko na lebo. Ile haina lebo si yangu. Shika hiyo na mkono, fuata mpaka mwisho. Usiachilie."

Nikarudi. Nikasogeza nyaya moja moja, lebo, lebo, lebo, mpaka nikakuta mmoja wa kijivu usio na neno. Niliushika nikaufuata. Unapanda nyuma ya kabati, unaingia juu ya dari, unavuka korido. Niliazima ngazi, nikafungua dari vipande sita. Ukashuka kwenye stoo ya wodi ya wazazi, nyuma ya maboksi ya glavu. Mwisho wake kulikuwa na kisanduku cha waifai, kidogo kama sabuni, cha aina inayouzwa kwenye vibanda vya simu hapo chini. Nywila ilikuwa ile ya kiwandani, iliyobandikwa mgongoni mwake.

Nilifungua dirisha la stoo. Mbele yangu kulikuwa na baraza la baa ya jirani, watu wamekaa na simu na kompyuta zao. Ningeweza kuwarushia glavu.

Nikafungua orodha ya vifaa vilivyowahi kuingia kupitia kisanduku kile. Vya wodi vitatu. Na kimoja kisicho chetu, kilichoingia jioni ya Aprili 12 na kila jioni baada ya hapo.

Jumatatu, Aprili 29

Nilimwita Filda stoo, nikafunga mlango, nikamwonyesha. Hakukataa. Alikaa juu ya boksi.

Alieleza kwamba usiku mmoja wa mvua mwezi wa tatu alikuwa na mzazi anayevuja damu. Kundi la damu lilikuwa limeshapimwa, jibu liko kwenye kompyuta ya maabara, na kompyuta ya wodi haina mtandao. Alimtuma nesi mwanafunzi ashuke ngazi. Umeme ukakatika, msichana akateleza, akachelewa. Mzazi alipona kwa bahati. Asubuhi Filda akaenda kununua kisanduku. Kijana wa duka alimweleza jinsi ya kuchomeka, akaja Jumapili akachomeka mwenyewe, akapitisha waya darini akiwa amepanda kitanda cha kujifungulia.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Mimi nilipiga simu kwako mara tisa," alisema. "Mara tisa, Madamu. Wewe unasema kesho. Hiyo kesho yako, mgonjwa wangu anaweza ngojea?"

Alikuwa halii. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli. Nilitoa simu nikahesabu. Zilikuwa tisa.

Jumanne, Aprili 30

Sikuenda kazini asubuhi. Nilikaa kwa mama.

Nimejaribu kuandika ripoti mara tatu. Ya kwanza ilisema Filda alichomeka kisanduku. Ni kweli tupu, na angefukuzwa kabla ya chakula cha mchana. Ya pili haikumtaja mtu, ilisema hitilafu za msimu wa mvua, na Mzee Ochan angebaki mwizi. Nilizichana zote mbili.

Ukweli wenyewe ni huu. Matundu tupu ya swichi yanatakiwa kufungwa, mtu akichomeka kitu kisifanye kazi. Ni kazi ya nusu saa. Sikuifanya kwa mwaka mzima. Mtandao unatakiwa kugawanywa, wodi peke yake, mapokezi peke yake, seva peke yake, moto ukiwaka chumba kimoja usifike cha pili. Wetu ni ukumbi mmoja mkubwa usio na mlango. Nilipanga kuugawa Desemba, halafu Januari. Nakala za akiba zinatakiwa kila siku. Na mita sitini za waya ndani ya bomba.

Mama aliniuliza naandika nini. Nikamweleza kwa ufupi. Akasema baba yangu alihamishiwa Moroto, mbali huko, mwaka mzima kwa kosa la mwenzake aliyekaa kimya, na kwamba alimsamehe yule mtu mapema sana kuliko yeye mama alivyomsamehe. Hakuwa amenisimulia hilo kabla.

Alhamisi, Mei 2

Nimeipeleka ripoti. Daktari Lawrence aliisoma mbele yangu, akarudia ukurasa wa kwanza.

Aliniuliza ukuta wa moto wake una faida gani basi. Nikamwambia unalinda geti, na geti halikuguswa. Aliyeingia alipita dirishani, na dirisha niliacha wazi mimi. Akauliza nani aliweka kisanduku. Nikasema mtumishi aliyeniomba msaada mara tisa.

"Jina," alisema.

"Ukitaka kumfukuza, anza na mimi," nikasema. "Kosa lake limetoka kwenye langu."

Si ushujaa. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba kufukuzwa kulionekana kama likizo.

Hapo mlango ukagongwa, Filda akaingia na sare yake, akasema ni yeye. Sikumwita. Alisema amemaliza zamu, anataka kulisema kabla hajalala.

Daktari Lawrence alivua miwani akajisugua macho kwa muda mrefu. Naye amechoka. Nilikuwa sijawahi kuliona hilo.

Jumatatu, Mei 6

Uamuzi umetoka. Filda amepewa onyo la maandishi. Mimi nimevuliwa usimamizi. Kampuni ya nje itashika mtandao, nami nitakuwa fundi chini yao. Mzee Ochan hana hatia, arudi kazini. Mkurugenzi alitaka nimpigie simu. Nikasema nitakwenda mwenyewe.

Jumanne, Mei 7

Mzee amekataa.

Alinisikiliza hadi mwisho, tena safari hii nilipewa kigoda. Akasema anashukuru, lakini harudi.

"Mkubwa hanijui," alisema. "Yeye aliona ufunguo, akasema mwizi. Lakini wewe unanijua. Wewe ulikuwa umekaa pale pale, Kaltumi."

Hajawahi kuniita kwa jina. Mvua ilikuwa inaanza, Mama Docus akaanua nguo, nikaondoka.

Jumatano, Mei 15

Nimefunga matundu yote tupu. Dakika ishirini na tano.

Jumamosi, Mei 25

Waya mpya wa ghorofa ya tatu umekamilika, ndani ya bomba, mita sitini na nne. Filda alikuja siku yake ya mapumziko, akanishikia ngazi. Hatukuongea sana. Nilibandika lebo kila mwisho. Mwandiko wangu ni mbaya, ilinichukua saa nzima kuziandika mpaka zikasomeka. Imenyesha mchana kutwa na wodi ina mtandao.

Jumapili, Juni 2

Mvua zinaisha. Wiki nzima imenyesha mara moja.

Nilimwomba Daktari Lawrence barua ya kumsafisha Mzee Ochan. Aliiandika vizuri, kurasa mbili, kwa mkono wake, akagonga muhuri. Leo nimeipeleka Naguru. Sikwenda kumwomba arudi. Nimesikia ameshapata kazi ya kuvuta nyaya kwenye shule moja huko juu kilimani.

Mzee aliifungua, akaitazama, akanirudishia. Ilikuwa kwa Kiingereza. Akasema yeye ameelewa, lakini si yeye aliyeambiwa kwamba ni mwizi. Walioambiwa ni hawa. Akaenda kugonga milango ya safu nzima. Wakatoka wastaafu na wake zao, Waacholi, Wateso, Walugbara, wengine na watoto mgongoni, wakakaa kwenye benchi na kwenye ndoo zilizopinduliwa. Mama Docus alileta kiti chake mwenyewe, akakiweka mbele kabisa, akakunja mikono.

Nikasoma nikigeuza kwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi. Kwamba alitumikia kwa uaminifu. Kwamba siku ya balaa ndiye aliyeokoa chumba cha upasuaji na maabara. Kwamba alishukiwa bila sababu, hospitali inaomba radhi. Barua iliishia hapo. Nikaongeza ambalo halikuandikwa: kwamba mimi, mkubwa wake, nilikuwepo siku ile, nilijua hana kosa, na nilinyamaza.

Mama Docus alikunjua mikono akaiweka magotini.

Mzee Ochan alikuwa amesimama pembeni, mikono nyuma, kama mtu aliye kwenye gwaride. Aliangalia safu ya watu kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Soma tena," aliniambia. "Wale wa kule mwisho hawajasikia."

Nikasogea katikati, nikasoma tena yote, pamoja na lile la kwangu.